Joto la Jangwani na Bahari za Mbali

Tarehe 17 Juni 2024, katika siku za Hija ya mwaka 1445, kipimo cha joto penye Msikiti Mtukufu wa Makka kilifika digrii 51.8 za Sentigredi. Baada ya siku chache serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliofariki katika Hija ile walikuwa watu 1,301, na wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani pasina kivuli wala mahali pa kupumzika.

Watu wengi wakisikia habari hiyo husema: Makka iko jangwani, na jangwa ni joto, basi kuna nini cha kuuliza? Jawabu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kwani jangwa ni lile lile na jua ni lile lile, na hali twaona kiangazi kimoja chapita kwa wastani na chengine chaunguza. Ni lazima pawe na kitu kibadilikacho, na wataalamu wa hewa wamekitafuta mpaka wakakipata mahali ambapo mtu hakudhani, nako ni baharini, tena bahari zilizo mbali kabisa na mchanga wa Arabuni.

Kwanza yatupasa kufahamu tofauti ya mchanga na maji. Mchanga hupata moto upesi na hupoa upesi. Adhuhuri hukanyagiki, na usiku wa manane msafiri ajitanda blanketi. Bahari sivyo. Hupokea joto polepole, ikalichanganya mpaka chini kwa mawimbi na mikondo, ikakaa nalo miezi mingi. Kwa hivyo sehemu ya bahari iliyopata joto kupita kawaida haisahau upesi, na hewa ipitayo juu yake huchukua joto na mvuke ikaenda navyo mbali.

Sehemu moja ya habari hii iko mlangoni mwetu sisi watu wa pwani. Kusi lituvumialo kuanzia Aprili au Mei halikomi Lamu. Lavuka mstari wa ikweta, lapita kwa nguvu mbele ya pwani ya Wasomali, kisha lapinda kuelekea mashariki na kumiminika Bara Hindi likiwa limejaa mvuke. Hapo ndipo inyeshapo ile mvua kubwa ya Juni mpaka Septemba. Sasa aangalie msomaji chungu kilicho mekoni. Maji hayawi mvuke ila kwa moto mwingi, na moto ule haupotei, bali hujificha ndani ya mvuke. Aliyepata kuunguzwa na mvuke alipofunua mfuniko ajua vyema. Mvuke ule ugeukapo kuwa maji mawinguni, joto lililofichika hutoka. Mvua ya Bara Hindi, basi, ni kama jiko kubwa mno lililowashwa angani, na hewa iliyo juu yake hupanda kwa nguvu.

Hewa iliyopanda hapana budi ishuke mahali. Zamani ilisemwa kuwa majangwa yako pale yalipo kwa sababu hewa ipandayo karibu na ikweta hushuka juu yao. Maneno haya ni kweli kwa jumla, lakini yana kasoro: katika miezi ya kiangazi cha kaskazini, mzunguko ule mkubwa hushukia zaidi upande wa kusini wa ikweta, na huku jangwa la mashariki ya Sahara na nchi za mashariki ya Bahari ya Rum huwa ndipo zilipo kavu kuliko wakati wowote. Mwaka 1996 wataalamu wawili Waingereza, Mark Rodwell na Brian Hoskins, walionyesha sababu yake. Joto litokalo katika mvua za Bara Hindi husukuma mawimbi ya hewa kwenda magharibi, na huko, yakutanapo na pepo zivumazo kutoka magharibi, hewa huteremka. Na hewa iteremkayo hubanwa, na ibanwapo hupata joto, kama pampu ya baisikeli ishikwayo baada ya kujaza gurudumu. Hewa kavu huongeza karibu digrii 10 kwa kila mita 1,000 ishukazo. Tena mawingu hutoweka, na jua likawaka pasipo pazia.

Kwa hivyo mvua ya jirani ni ukavu wa jirani mwenziwe. Mimi naona hili ndilo la ajabu kuliko yote katika mlango huu.

Ama Bahari ya Pasifiki, elimu yake ilitokana na njaa. Mwaka 1877 mvua za Bara Hindi zilikosekana, na watu wasiohesabika wakafa. Baadaye Gilbert Walker, mwanahesabu aliyeongoza idara ya hewa ya Uhindi tangu 1904 hata 1924, alikusanya hesabu za uzito wa hewa kutoka pande zote za dunia, akaona kuwa uzito ukizidi upande wa Pasifiki hupungua upande wa Bahari ya Hindi, na kinyume chake, mfano wa mizani. Ilikuwa katika miaka ya 1960 ndipo Jacob Bjerknes alipoifunga mizani hiyo na joto la maji ya Pasifiki, lile ambalo wavuvi wa Peru waliliita El Niño. Maji yale yapatapo joto, aghlabu mvua za Bara Hindi hupungua, na jiko tulilolitaja likapoa.

Nasema aghlabu, si daima. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kubwa mno, na jina hilo halihitaji tafsiri kwa mtu wa Kenya aliyeziona barabara na madaraja yakichukuliwa na maji. Lakini mwaka ule ule Bara Hindi ilipata mvua yake ya kawaida. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani walieleza kuwa Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake: mara nyengine upande wetu hupata joto na upande wa Sumatra hupoa, na jambo hilo laweza kuipinga nguvu ya Pasifiki.

Iko na Atlantiki. Sehemu yake ya kaskazini ilikuwa baridi kidogo tangu katikati ya miaka ya 1960 mpaka katikati ya miaka ya 1990, kisha ikageuka kuwa na joto, na utafiti umeonyesha kuwa nyakati za joto lake hufuatana na viangazi vikali zaidi katika nchi za Waarabu.

Asije mtu akafahamu kuwa bahari ndiyo yote. Jua la utosini na ardhi isiyo na maji ndiyo asili ya joto la jangwa, na juu ya hayo dunia nzima yazidi kupata joto kwa moshi wa makaa na mafuta. Mitribah, nchini Kuwait, ilifika digrii 53.9 mwezi Julai 2016. Bahari za mbali huongeza au hupunguza juu ya msingi huo. Lakini faida yake ni kwamba, kwa kuwa bahari haisahau upesi, huweza kutoa khabari miezi kabla, ijapokuwa makisio ya Pasifiki yafanywayo Machi mpaka Mei ndiyo dhaifu kuliko ya miezi mengine.

Hija hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Ya 2025 ilianguka mwanzo wa Juni. Zifuatazo zaingia katika miezi ya afueni, kisha katika baridi, na hazitarejea katika kiangazi kikali ila karibu na mwaka 2050. Watakaohiji wakati huo wakiwa wazee ni hawa vijana wa leo, na bahari watakazozikuta zaanza kupata joto lake sasa.