Mtoto ameanza kucheka: kufuata hatua zake na kujiandaa kwa safari ya kwanza kwa nyanya

Chukua mfano wa mama kijana anayeishi Mtwapa na mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa wiki 13. Simu yake imejaa picha: siku mtoto alipotabasamu mara ya kwanza akiogeshwa, siku aliposhika kidole cha baba yake akakataa kukiachilia, siku alipoinua kichwa akiwa amelazwa kifudifudi. Jamaa wa upande wa baba, walioko Ganze, wameziona picha zote hizo na sasa hawataki picha tena. Wanamtaka mtoto mwenyewe. Nauli imetumwa, kuku ametengwa, na hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, anauliza kila jioni wataingia lini.

Safari hiyo ni ya furaha. Hata hivyo, ina mambo mawili ambayo wazazi wengi hukutana nayo bila kujiandaa. Kwanza, mtoto akitimiza wiki 14 anadaiwa chanjo, na siku hiyo mama atakuwa Ganze. Pili, watu kumi watamtazama mtoto kwa mara ya kwanza, na kila mmoja atakuwa na neno kuhusu shingo yake, uzito wake na siku atakayoketi. Mengine yatakuwa maneno ya kupuuzwa kwa heshima. Mengine yatastahili kusikilizwa upesi.

Wageni wa siku arubaini

Kabla mtoto hajaenda kwa watu, watu humjia yeye. Pwani, desturi ya arubaini humweka mama na mtoto ndani kwa siku 40, na wanaoruhusiwa kuingia ni wachache. Vijana wengi huiona kama mambo ya kizamani. Lakini hesabu yake inafaa kutazamwa: siku 40 huisha siku mbili tu kabla ya wiki 6, ambapo mtoto hupata dozi ya kwanza ya chanjo inayomkinga na kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini aina ya B na ugonjwa wa bakteria wa Hib. Kabla ya hapo, chanjo alizopata baada ya kuzaliwa ni ya kifua kikuu na matone ya polio. Mgeni mwenye kikohozi anayembeba mtoto wa wiki 3 anaweza kumwachia kifaduro ambacho mwili wake bado hauna silaha ya kupigana nacho. Wazee hawakuwa na sindano, ila walijua mtoto mchanga hapaswi kupitishwa mikono mingi.

Kwa hiyo mama mkwe anayesimama mlangoni na kusema "mtoto amelala, rudini Ijumaa" anafanya kazi ya maana. Wanaoingia wanawe mikono kwa sabuni kwanza. Mwenye mafua au kidonda cha mdomoni asimbusu mtoto; amsalimie kwa mbali, atambeba siku nyingine.

Zawadi nazo zina mambo yake. Wanja wa manga huletwa ili kumkinga mtoto na kijicho, lakini aina nyingine za wanja huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto hujifikicha macho kisha akatia mkono mdomoni. Familia inayotaka kumwekea mtoto alama inaweza kumfunga kitambaa mkononi, mradi kisibane. Asali na maji ya sukari pia huletwa kwa nia njema. Mtoto chini ya miezi 6 hahitaji chochote isipokuwa maziwa ya mama, hata Januari jua linapowaka Magarini na Ganze, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji. Akiona kiu, anyonye. Kwenye kitovu hapapakwi majivu, mate wala masizi. Hupakwa dawa iliyotolewa na muuguzi pekee.

Mtoto wa jirani si kipimo

Tabasamu la kweli, lile la kujibu uso wa mtu, huja kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 8. Tabasamu la usingizini la wiki ya kwanza, ambalo kina shangazi husema mtoto anachezeshwa na malaika, ni zuri kutazama lakini si hatua ya ukuaji. Kuanzia miezi 2 hadi 4 mtoto hukaza shingo, hufuata uso kwa macho na hugeukia sauti. Miezi 4 hadi 6 hujigeuza, hunyosha mkono kushika kitu na kukipeleka mdomoni. Kati ya miezi 6 na 9 huketi bila kushikiliwa, huhamisha kitu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na huanza "bababa" na "mamama", ingawa mara nyingi haiti mtu yeyote, jambo ambalo akina baba hawapendi kulisikia. Kufikia mwaka mmoja wengi husimama dede, hupiga makofi na huokota punje kwa vidole viwili.

Penye ugomvi mkubwa katika familia ni kuketi na kutembea, kwa sababu ndizo hatua ambazo kila mtu anaziona. Hapa Shirika la Afya Duniani lilifanya kazi inayofaa kujulikana na kila nyanya. Lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha matokeo. Watoto hao walianza kuketi bila kushikiliwa popote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kutembea peke yao kulianza popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wote hao walikuwa wazima. Takriban watoto 4 kati ya kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Waliruka hatua hiyo wakaendelea.

Maana yake ni kwamba watoto wawili waliozaliwa wiki moja katika wadi moja ya kujifungulia wanaweza kupishana kwa miezi 9 katika kutembea, na pasiwe na kasoro kwa yeyote. Aliyetangulia hatakuwa hodari zaidi darasani kwa sababu hiyo. Anayechelewa ndani ya mipaka hiyo hahitaji kuchimbiwa shimo asimamishwe, wala kununuliwa kigari cha kujifunzia kutembea. Vigari hivyo haviharakishi kutembea, na vimeangusha watoto wengi kwenye ngazi na motoni hata Canada ikapiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Mkeka chini, mtu mzima karibu, na sufuria tupu ya kugonga vinatosha.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa tofauti. Aliyetangulia kwa wiki 8 na sasa ana miezi 6 apimwe kama mtoto wa miezi 4. Akina mama wengi wa watoto njiti hubeba lawama ya bure kwa kutoelezwa hesabu hii.

Pamoja na hayo, subira ina mwisho wake. Mtoto asiyetabasamu kufikia miezi 3, asiyekaza shingo kufikia miezi 4, asiyeketi akifika miezi 9 au asiyetembea akifika miezi 18 apelekwe kituo cha afya akaangaliwe. Vivyo hivyo mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, mwingine akiuacha umelala. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha, kama vile aliyekuwa akiketi na sasa anaanguka, asingojewe hata wiki moja.

Kijitabu kinasafiri na mtoto

Turudi kwa mama wa Mtwapa. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuacha Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kabatini, "kisipotee njiani". Kijitabu hicho ndicho kinachomwezesha muuguzi asiyemjua mtoto kumhudumia. Chanjo ya wiki 14 si lazima itolewe katika kituo kilichotoa ya wiki 10. Mama akiingia katika zahanati ya umma iliyo karibu na boma la wakwe, siku ya chanjo, na kijitabu mkononi, mtoto atachanjwa bila malipo na kuandikiwa papo hapo. Akikosa kijitabu, muuguzi hana namna ya kujua mtoto amepata nini na lini.

Wiki 14 ni kituo kikubwa kwa sababu hapo mtoto hukamilisha dozi tatu za chanjo zilizoanza wiki ya 6, na hupata sindano ya polio juu ya matone. Ikiwa tarehe imepita, mzazi aende tu. Dozi za nyuma hazipotei wala haianzwi upya. Huendelezwa pale zilipoishia. Wazazi wengine hukaa nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa, na wiki moja ya kuchelewa ikawa miezi mitatu. Baada ya hapo tarehe za kukumbuka ni miezi 6 kwa vitamini A, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika sana, kwa kuwa mtoto anakimbia na hakuna anayemwona tena kama mtoto wa kliniki.

Kwenye mfuko wa safari kiwekwe pia chandarua chenye dawa. Malaria ipo Pwani, na nyumba ya wageni mara nyingi ina kitanda lakini haina chandarua. Kifaa kingine cha lazima ni kujua dalili za hatari kabla ya kuondoka: kushindwa kunyonya, mwili kuwa wa moto au baridi kupita kawaida, kupumua haraka huku kifua kikibonyea, kulegea kiasi cha kutojisogeza, viganja na nyayo kuwa za manjano, au mshtuko wa mwili. Mshtuko huo wazee wengi wa Pwani huuita nyuni, na katika boma kunaweza kuwa na mtu wa kuutibu kwa moshi na dawa za kuoga. Huu si usiku wa kubishana na mkwe kuhusu imani. Mtoto apelekwe hospitali kwanza, kwa sababu mshtuko wa mtoto mwenye homa unaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hapo saa chache ndizo huamua.

Macho mapya ya nyanya

Siku ya tatu huko Ganze, hawe anatwanga mahindi kinuni hatua chache kutoka mkekani. Wajukuu wengine wote, alipoanza kutwanga, walishtuka au kugeuza uso. Huyu anaendelea kuutazama mwembe. Hawe anapiga tena, kwa nguvu zaidi. Jioni anamwita mama pembeni na kumwambia polepole, "Mwanangu, huyu mtoto mimi naona kama hasikii."

Mama anaweza kukasirika. Amekaa na mtoto wiki 13, amemwona akicheka, na anajua ana afya. Lakini anayemwona mtoto kila siku humzoea, na mtoto asiyesikia vizuri hutabasamu kama wengine kwa sababu anaona uso. Mama anayezungumza naye huwa amemwinamia. Ndiyo maana mgeni wa kwanza kugundua mara nyingi ni nyanya, au jirani, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini.

Kinachofaa ni kumpeleka mtoto kwa muuguzi siku ileile ya chanjo na kueleza kilichoonekana, bila kupunguza: alilala au alikuwa macho, kinu kilikuwa umbali gani, ilikuwa mara ngapi. Huenda ni mafua yaliyoziba masikio. Huenda mtoto alikuwa amezama katika kutazama majani. Huenda pia ni jambo la kupelekwa hospitali ya rufaa kupimwa. Mtoto asiyesikia akigunduliwa kabla ya miezi 6 na kuanza kusaidiwa mapema, kwa kifaa au kwa lugha ya ishara, hupata lugha vizuri kuliko anayegunduliwa akiwa na miaka 3, baada ya kuitwa mkaidi kwa muda mrefu.

Familia isimfiche mtoto huyo, wala isimtafute wa kulaumiwa upande wa mama au wa baba. Zawadi zilizotengwa zitolewe, na kuku wa kumkaribisha achinjwe kama ilivyopangwa.

Jambo la mwisho la kufanya kabla ya kurudi Mtwapa linahusu waliojifungulia nyumbani. Uzazi unapaswa kusajiliwa kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Baada ya hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, wenye utaratibu mrefu zaidi. Aliyejifungulia hospitali hupewa taarifa ya uzazi hapohapo. Aliyejifungulia nyumbani huipata kwa naibu wa chifu wa eneo hilo, na ikiwa mtoto alizaliwa Ganze, ni rahisi kumwona akiwa bado huko, akiwa na kijitabu cha kliniki na vitambulisho vya wazazi.