Moyo Ukienda Mbio Ghafla: Tuongelee Shambulio la Hofu

Leo nimeona tuongelee jambo linalowasumbua wengi wetu lakini tunalificha: hofu ya ghafla inayomkamata mtu mpaka anaamini kwamba anakufa.

Naanza na yangu mwenyewe. Mimi ni muuguzi. Kazi hii nilisomea nyumbani Tanzania, nikaisomea tena hapa Marekani. Asubuhi moja nilikuwa natoka shifti ya usiku, niko kwenye haiwei ya 635, nakaribia yale makutano ya ngazi tano na 75 yanayoitwa High Five. Mara moyo ukaanza kwenda mbio. Kifua kikabana, vidole vikaingia ganzi, kijasho chembamba kikanitoka, pumzi nikaona haitoshi. Nikasema, "Leo ndiyo mwisho wangu, na watoto wako shule." Wiki tatu kabla ya hapo kaka yangu alikuwa amezikwa nyumbani. Mimi nilishindwa kwenda kwa sababu ya makaratasi.

Nilifika emajensi. Nikapimwa moyo, nikapimwa damu, kila kitu kizuri. Daktari akaniambia ni shambulio la hofu, ambalo hapa wanaliita paniki ataki. Badala ya kufurahi, nikaona aibu. Kwa miezi minane sikugusa haiwei. Napita njia za ndani, naondoka nyumbani dakika 40 kabla ya wakati, na simwambii mtu, hata mume wangu. Mimi muuguzi! Ndiyo maana naandika leo.

SHAMBULIO LA HOFU NI NINI?

Mwenyezi Mungu ametuwekea mwilini king'ora cha hatari. Ukikutana na simba, king'ora kinalia: mwili unamwaga homoni ya adrenalini, moyo unapiga haraka ili damu ifike miguuni, na unapumua haraka ili upate nguvu za kukimbia. Shambulio la hofu ni king'ora hicho hicho kulia wakati simba hayupo.

Dalili zake ni moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho, kifua kubana, kukosa pumzi, kizunguzungu, kichefuchefu, ganzi ya vidole au midomo, kujiona kama uko ndotoni, na hofu ya kufa au ya kurukwa na akili. Huja kwa ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10, halafu hushuka taratibu. Ganzi na kizunguzungu mara nyingi hutokana na kupumua haraka kupita kiasi. Kinatisha sana, lakini chenyewe hakiui.

Wasiwasi wa kudumu ni jambo jingine. Huo hauji kwa kishindo. Ni mawazo yasiyoisha karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi: karo, kodi ya nyumba, simu ya usiku kutoka nyumbani, kesi ya uhamiaji. Usingizi haupatikani, shingo na mabega yanauma, hasira ziko karibu. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na yote mawili yanatibika.

NITAJUAJE KAMA SI MOYO?

Ndugu yangu, usijipime mwenyewe. Ikiwa ni mara ya kwanza, au maumivu ya kifua yanakwenda mkononi, mgongoni au kwenye taya, au umezimia, au una presha, kisukari au umri umesogea, piga 911. Akina mama tuwe waangalifu zaidi, maana mshituko wa moyo kwetu unaweza kuja kama uchovu, kichefuchefu na kukosa pumzi tu. Hospitali yenye emajensi inatakiwa na sheria ya mwaka 1986 ikupime na kutuliza hali ya hatari hata kama huna bima.

Ukishaambiwa moyo ni mzima, muulize daktari pia kuhusu tezi ya shingoni na upungufu wa damu, kwa sababu navyo huleta mapigo ya haraka. Mtajie kila unachotumia: kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wengi tunakunywa kwenye shifti za usiku, dawa za mafua, dawa za pumu, na pombe. Pombe humlaza mtu usiku, lakini ikiisha mwilini wasiwasi unarudi mkubwa zaidi.

KINACHOTUFUNGA SI SHAMBULIO, NI KUKIMBIA

Hapa naomba usome taratibu. Shambulio linaisha ndani ya muda mfupi. Linalobaki ni hofu ya shambulio lijalo. Unaanza kuepuka haiwei. Halafu unaepuka Walmart yenye watu wengi. Halafu lifti, kanisani au msikitini, misiba, harusi. Kila unapokimbia unapata nafuu, na ubongo unajifunza kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Kesho yake hofu inadai zaidi. Huku kwetu Texas bila gari hakuna kazi, kwa hiyo mtu anayeogopa haiwei anaweza kupoteza ajira wakati moyo wake ni mzima kabisa.

UFANYE NINI LIKIKUKUTA?

1. Kama unaendesha, usifunge breki ghafla. Washa taa ya ishara, toka egziti ya karibu, egesha mahali salama.
2. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa taratibu ukihesabu mpaka 6. Usipumulie ndani ya mfuko, ni hatari kama tatizo ni moyo au mapafu.
3. Jiambie: "Hiki ni king'ora, kitanyamaza." Usipigane nacho.
4. Taja vitu vitano unavyoviona. Akili irudi mahali ulipo.
5. Likipita, endelea na safari yako kama unaweza. Usiahirishe mpaka kesho.

USHAURI NASAHA SI WA VICHAA

Najua tukisikia afya ya akili tunafikiria Mirembe au Mathare. Tunaogopa jamii itasema nini. Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikwenda kwa mshauri mara 12, na hakuna mtu aliyenilaza kwenye kochi kuniuliza habari za utotoni. Ilikuwa kama darasa.

Kwanza alinifundisha king'ora kinavyofanya kazi. Pili, aliniandikisha mawazo yanayokuja moyo ukienda mbio, tukayapima moja moja: mara ngapi umefikiri unakufa, na mara ngapi umekufa? Tatu, alinipandisha ngazi mbio ofisini kwake mpaka moyo ukadunda, ili nijifunze kwamba mapigo ya haraka si hatari. Mwisho, tulirudi barabarani kidogo kidogo: wiki moja egziti moja, wiki inayofuata mbili. Siku niliyopita High Five peke yangu nililia, lakini kwa furaha.

Dawa pia zipo. Zile kama sertralini huchukua wiki 4 mpaka 6 hivi kuonyesha kazi yake, na usiziache ghafla bila daktari. Zile za kutuliza haraka kama Xanax zinaweza kumfanya mtu awe mtumwa wake, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuua. Tafadhali usiazime kidonge cha rafiki!

Na sala? Endelea nayo. Mimi sikuacha kusali. Mgonjwa wa malaria anasali na anakunywa dawa, na hapa ni vivyo hivyo.

Wengi mnauliza kuhusu siri. Mshauri mwenye leseni amefungwa na sheria asitoe habari zako, isipokuwa katika mambo machache, kama vile maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anadhulumiwa. Atakueleza hayo siku ya kwanza. Angalia herufi kama LPC au LCSW baada ya jina lake. Na usimtumie mtoto wako kama mkalimani. Omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bure.

UANZIE WAPI?

Kazini kwako: uliza ofisi ya wafanyakazi kama kuna EAP. Kampuni nyingi hulipia vikao vichache vya ushauri, na bosi haambiwi mliongea nini. Mimi nilianzia hapo.

Kama huna bima, angalia kaunti unayoishi. Dallas kuna Parkland, na kwa afya ya akili kuna NTBHA. Tarrant kuna JPS na MHMR ya Tarrant. Houston, kaunti ya Harris, kuna Harris Health na The Harris Center. Walio Fort Bend wana Texana, na walio Collin wana LifePath Systems. Malipo mara nyingi hufuata kipato chako. Ukiwa hujui pa kuanzia, piga 211.

Ukifika mahali unaona afadhali kufa, usingoje miadi. Piga 988, namba iliyoanza mwaka 2022, usiku au mchana, na omba mkalimani. Au piga 911.

Mwisho, ndugu zangu, ukimwona mwenzako ghafla haji tena misibani, anapita njia za ndani, anakataa shifti za mbali, usimwite mwenye maringo. Mpigie simu, muulize kwa upole, na ujitolee kukaa naye garini siku ya kwanza anaporudi barabarani. Mimi alinisindikiza mume wangu, nilipopata ujasiri wa kumwambia. Alinijibu neno moja tu: "Twende."

Mbarikiwe, na afya njema kwenu wote.

Dada yenu, muuguzi