Dakika 70 za Olimpiki: Somo la Raga kwa Mwalimu Mtarajiwa

Wanachuo wenzangu wa ualimu, mwakani wengi wetu tutapangiwa shule ambako mwalimu kijana akiripoti tu anakabidhiwa vipindi vyake na filimbi ya michezo juu yake. Filimbi hiyo si ya kuichukulia poa. Hapa nachambua safari ya mwanamke anayecheza raga ya kimataifa, mfano wangu mkuu ukiwa majirani zetu wa Kenya, ili tujue tumwambie nini msichana wa Kishanda mwenye mbio na nguvu, na wapi tusimdanganye.

Kwanza mchezo wenyewe. Mpira wa raga una umbo la yai. Unakimbia nao mkononi, lakini kwa mkono unampasia mwenzako aliye nyuma yako au sambamba nawe, kamwe si mbele. Ukiugusisha chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani umefunga trai, pointi 5. Mkwaju unaofuata ukipita kati ya milingoti unaongeza 2. Raga ya wachezaji 15 kila upande huchukua dakika 80. Ile ya wachezaji 7 huchukua dakika 14 tu, na ndiyo iliyoingia Olimpiki mwaka 2016 kule Rio de Janeiro, wanaume na wanawake kwa pamoja.

Kenya walikuwepo Rio. Mechi yao na New Zealand iliisha 52 kwa 0, na mwisho wa mashindano wakashika nafasi ya 11 kati ya timu 12. Wangeweza kukata tamaa. Lakini mwaka 2018 waliifunga Afrika Kusini kwenye fainali ya Afrika mjini Gaborone, wakawa mabingwa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya korona, walikutana tena na New Zealand, walioondoka na dhahabu. Safari hii ilikuwa 29 kwa 7, na Kenya ikamaliza ya 10. Nahodha alikuwa Philadelphia Olando, aliyecheza Rio pia, kama Janet Okelo.

Hebu tupige hesabu. Tokyo Kenya walicheza mechi tano. Mara dakika 14, ni dakika 70. Miaka mitano ya mazoezi, majeraha na kusubiri, kwa ajili ya dakika 70 ambazo mchezaji mmoja hachezi hata zote. Na faida yake kwenye jedwali ni nafasi moja, kutoka 11 kwenda 10. Anayesoma jedwali peke yake ataona hakuna kilichobadilika. Anayelinganisha 52 kwa 0 na 29 kwa 7 ataona kazi iliyofanyika. Sisi tutakaosahihisha mitihani tuna la kujifunza hapo: nafasi darasani na maendeleo ya mwanafunzi ni vitu viwili tofauti.

Wapo wanaosema Kenya walibebwa. Ni kweli kwamba mara zote mbili mashindano ya kufuzu ya Afrika yalichukuliwa na Afrika Kusini, ila kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo haikuikubali tiketi iliyopatikana kwa njia ya bara, na Kenya waliokuwa wa pili wakaenda. Lakini fainali ya 2019 nchini Tunisia iliisha 15 kwa 14. Mlango ulifunguliwa na mwingine, sawa. Aliyekuwa amesimama mlangoni alifika hapo kwa miguu yake.

Sasa, kazi hii inalipa? Tuseme ukweli: kwa Mwafrika mwanamke, mikataba ni michache sana. Babalwa Latsha wa Afrika Kusini ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kusaini mkataba wa kulipwa wa raga ya 15, mwaka 2020, na klabu ya Eibar ya Hispania. Raga alikutana nayo Chuo Kikuu cha Western Cape, alikokuwa anasoma sheria. Hilo la sheria ndilo nataka tulishike. Goti likivunjika, mkataba unaisha. Shahada haivunjiki goti.

Kwetu Kishanda msichana hukutana na netiboli na riadha, na akimaliza kidato cha nne, mara nyingi michezo inaishia hapo. Uwezo wa kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani anao, anayemfungulia njia hana. Wakati huohuo Kampala, ambako basi la kutoka Bukoba linafika siku hiyohiyo kupitia Mutukula, kuna klabu za wanawake kama Thunderbirds na Black Pearls. Si mbali kama tunavyodhani.

Mwalimu aanzie wapi? Asianze na kukabana. Kata vipande vya kitambaa, kila mchezaji achomeke viwili kiunoni. Anayechomolewa kimoja amekamatwa, atoe pasi. Hakuna kuangushana. Mpira wa netiboli unatosha kufundishia pasi ya nyuma. Wakifika hatua ya kukabana, sheria ya kwanza ni hii: aliyegongwa kichwa na kuonekana amechanganyikiwa anatoka, na siku hiyo harudi, hata akilia arudishwe.

Mzazi atauliza, “Mwalimu, mwanangu akivunjika je?” Swali lake ni la haki, na “usijali” si jibu. Mweleze hatari na jinsi unavyozipunguza, kisha mwambie kwamba masomo yanabaki palepale. Binti naye mwambie kuhusu Olando na zile dakika 70, pamoja na matokeo yote, 52 kwa 0 ikiwemo. Akiyajua yote na bado akataka kukimbia, mpe mpira.