Mtoto Mdogo Akilala Sana, Mwamsheni Anyonye



Somo la leo lilianzia darasani Katubuka, hapa Kigoma. Tulikuwa tunafundisha hesabu za kilo na gramu. Bibi mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu kazaliwa na gramu 1,900. Lakini ni mpole huyo! Halii. Kutwa kucha amelala tu." Wenzake wakaitikia, "Mashallah." Sisi tulishtuka. Tukamwomba bibi amwambie binti yake ampeleke mtoto kliniki kesho yake asubuhi. Mtoto alipopimwa alikuwa na siku 16, na uzito wake ulikuwa gramu 1,820. Alikuwa amepungua. Upole ule ulikuwa ni njaa.

Mtoto akizaliwa na uzito chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu, huhesabiwa kuwa ana uzito pungufu. Wengine ni njiti, wamezaliwa kabla ya siku zao. Wengine ni pacha. Wengine mama zao waliugua malaria wakiwa na mimba, au hawakula vya kutosha. Si kosa la mama, na wala si uchawi.

Mtoto huyo ana mambo mawili yanayomsumbua. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hawezi kunyonya mengi kwa mara moja. Tena hana nguvu. Mtoto mkubwa akisikia njaa hulia mpaka majirani wakasikia. Huyu mdogo akisikia njaa hulala. Akilala hanyonyi, asiponyonya nguvu zinazidi kupungua, basi analala zaidi. Ndiyo maana tunasema msimngojee alie. Mwamsheni kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Mfunueni nguo kidogo, mpapaseni nyayo, mwekeni kwenye titi.

Chakula chake ni maziwa ya mama. Yale ya kwanza, mazito ya njano, baadhi yetu tulikuwa tukiyamwaga tukisema ni machafu. Jamani, tusiyamwage! Yanamkinga mtoto na maradhi. Mpaka atimize miezi 6 asipewe maji, wala uji mwepesi, wala maji ya sukari. Dawa za hospitali tu ndizo zinazoruhusiwa. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye ananyonyesha, mradi anakunywa dawa zake kila siku na kufuata maelekezo ya kliniki.

Je, kama mtoto hana nguvu za kunyonya? Mama anawe mikono kwa sabuni, akamue maziwa kwa mkono kwenye chombo kilichochemshwa. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo. Watu wa Ujiji mna vikombe vya kahawa, hivyo vinafaa sana, ila vichemsheni kwanza. Mtoto akiwa macho, mkalisheni mkimshikilia mgongo na kichwa. Gusisheni ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, maziwa yafike mdomoni tu. Atayalamba mwenyewe taratibu. Msimmiminie, atapaliwa. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha, na uchafu wake huleta kuharisha. Lakini wako watoto wadogo mno ambao hata kumeza hawawezi. Hao wabaki hospitali walishwe kwa mpira.

Joto nalo ni kama chakula. Mtoto akipata baridi, maziwa anayonyonya yanaishia kwenye kujipasha moto badala ya kumkuza. Mwaka 1978, huko Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache. Akawaambia akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo sasa inatumika duniani kote, huitwa njia ya kangaruu. Mtoto avae kofia, soksi na nepi tu, mama amfunge kifuani kwa kitenge. Baba pia ana kifua! Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwa mkali. Basi usiku huo mzee achukue zamu: ambebe mtoto, na saa ya kunyonya ikifika amwamshe mama.

Mtoto mdogo huzaliwa na akiba ndogo ya madini yanayoongeza damu. Kliniki itasema aanze lini kupewa dawa ya damu na kiasi gani. Msimnunulie dukani kwa kukisia.

Akitimiza miezi 6 anaanza chakula, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunampa uji wa muhogo, mwepesi kama maji. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Na sisi tunakaa penye dagaa! Chukueni dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, waosheni mchanga wote, wakaushwe tena, watwangwe na kuchekechwa. Pikeni uji mzito wa mahindi au mtama, usiotiririka upesi kwenye kijiko. Unga wa dagaa uive pamoja na uji huo, kisha tieni kijiko cha chai cha mawese mekundu. Mawese yana nguvu nyingi, tena yana vitamini A. Siku nyingine apewe maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, au ndizi, au yai. Aanze na vijiko 2 au 3, mara mbili kwa siku. Afikapo miezi 9 ale nusu kikombe, mara 3 au 4. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Mtoto akikataa kunyonya, akawa wa baridi, akahema haraka, akashikwa na degedege, au viganja vikawa vya njano, msingoje kuche. Mpelekeni zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Maweni.

Wazee wetu waliokaa kwenye vikundi vya redio mwaka 1973 kusikiliza Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai, walijifunza kwa masikio. Ninyi mna macho ya kusoma kadi. Mkitoka kliniki, someni wenyewe namba iliyoandikwa.

Yule bibi alirudi darasani baada ya siku 7 akiwa na kadi mkononi. Imeandikwa gramu 2,030. Akatuambia mtoto sasa analia usiku, hawalali.

Maswali

1. Mtoto akinyonya kila baada ya saa 2, atanyonya mara ngapi usiku na mchana?

2. Mtoto mdogo anatakiwa kuongeza kiasi cha gramu 15 kwa siku kwa kila kilo yake. Mwenye kilo 2 aongeze gramu ngapi kwa juma?

3. Mjukuu wa bibi aliongeza gramu ngapi kwa siku 7?

4. Nyumbani kwenu, nani atamwamsha mama saa 8 ya usiku?