SOMO: JIBINI YA MOZZARELLA KWA MAZIWA YA NYATI NA KWA MAZIWA YA NG'OMBE



Katika baadhi ya mikutano ya vyama vya msingi huulizwa swali hili: Je, wakati wa masika, maziwa yanapokuwa mengi na wanunuzi wachache, chama kisitengeneze jibini? Na wale waliokwisha kusikia habari za mozzarella huongeza swali la pili: Je, si kweli kwamba mozzarella hasa ni ya maziwa ya nyati, na kwamba hii ya ng'ombe ni ya kuigiza tu?

Somo hili limetungwa ili kuyajibu maswali hayo mawili. Wanachama wetu wa Mbozi, Ileje, Momba, Songwe na Tunduma wengi ni wakulima wa kahawa na mahindi ambao hufuga ng'ombe wachache kwa ajili ya maziwa na samadi. Kwao jibini si jambo la anasa. Ni njia ya kuyapa maziwa siku zaidi za kuishi. Lakini njia hiyo ina masharti yake, na sharti la kwanza linaonekana wazi tukilinganisha maziwa ya nyati na yale ya ng'ombe.

1. Ni nyati yupi anayezungumzwa?

Kwanza tuondoe mashaka. Nyati anayekamuliwa si mbogo wa mbuga zetu za Ruaha na Katavi. Mbogo wa Afrika hajapata kufugwa, na mtu asijaribu kumkamua. Nyati wa maziwa ni mnyama mwingine kabisa, mwenye asili ya Asia, apendaye kujitumbukiza majini na matopeni. Hufugwa kwa wingi India na Pakistani, pia Misri. Nchini Italia amefugwa kwa karne nyingi katika nchi tambarare zilizokuwa na majimaji, karibu na mito ya Volturno na Sele, katika jimbo la Campania. Huko ndiko jibini ya mozzarella ilikojipatia sifa.

2. Maziwa yake yana nini?

Maziwa yote ni maji yenye vitu vigumu ndani yake: mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Katika kilo 100 za maziwa ya ng'ombe wa kisasa, vitu hivyo ni kama kilo 12 au 13 tu. Mafuta ni kama kilo tatu na nusu hadi nne, na protini ni zaidi kidogo ya kilo tatu. Katika kilo 100 za maziwa ya nyati, vitu vigumu hufika kilo 16 hadi 18. Mafuta peke yake ni kilo saba au nane, na protini ni zaidi ya kilo nne.

Jibini hutokana hasa na mafuta na ile protini inayoganda. Maji mengi, pamoja na sehemu kubwa ya sukari ya maziwa, hutiririka na kuondoka. Kwa hiyo kilo 100 za maziwa ya nyati hutoa takriban kilo 24 za mozzarella, ilhali kilo 100 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 13. Tofauti hii haitokani na ufundi wa mtengenezaji, bali na kile kilichokuwamo ndooni tangu mwanzo.

Hata hivyo, tusimsifu nyati kupita kiasi. Kwa kawaida maziwa yake kwa siku ni machache kuliko ya ng'ombe bora wa kizungu. Tukumbuke pia kwamba ng'ombe wetu wa kienyeji, ingawa hutoa lita chache, maziwa yake ni mazito na yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe aina ya Friesian. Mwenye ng'ombe wa kienyeji asidharau kibuyu chake.

3. Namna inavyotengenezwa

Njia ni moja kwa maziwa yote mawili. Maziwa safi huchemshwa kwa kiasi ili kuua vijidudu, kwa mfano nyuzi joto 63 kwa muda wa dakika 30. Jambo hili lisiachwe, kwa kuwa kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba huweza kumpata mtu kwa njia ya maziwa mabichi. Kisha maziwa hupozwa hadi nyuzi 36 hivi, yakatiwa bakteria wa kuchachusha na dawa ya kugandisha iitwayo reneti. Yakishaganda hukatwa vipande, na vipande huachwa katika maji yake vichachuke.

Hapo ndipo mozzarella inapoachana na jibini nyingine. Mtengenezaji huchukua kipande kidogo, hukitia katika maji ya moto sana, kisha hukivuta. Kikikatika, bado hakijawa tayari. Kikivutika kama uzi mrefu unaong'aa, wakati umefika. Donge lote hukandwa na kuvutwa katika maji ya moto, hukatwa mafungu ya mviringo, hupozwa katika maji baridi na kutiwa chumvi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiitalia lenye maana ya kukata au kunyofoa.

4. Tofauti yake mezani na sokoni

Mozzarella ya nyati ni nyeupe kabisa, kwa sababu maziwa ya nyati hayana ile rangi ya manjano iliyomo katika mafuta ya ng'ombe alaye majani mabichi. Ni laini, ina uchachu kidogo, na ikikatwa hutoa maji ya maziwa. Huliwa zaidi ikiwa mbichi. Ile ya ng'ombe ina rangi ya manjano hafifu, ladha yake ni ya upole, na ikiwa na maji machache huyeyuka vizuri juu ya mkate wa pitsa. Kwa kazi hiyo wapishi wengi huipenda kuliko ya nyati.

Basi ya ng'ombe si ya kuigiza. Waitalia wenyewe huitengeneza kwa wingi na huiita fior di latte, yaani ua la maziwa. Kinacholindwa kwa sheria ni jina la Mozzarella di Bufala Campana. Tangu mwaka 1996 Jumuiya ya nchi za Ulaya imeliweka jina hilo kwa ajili ya jibini ya maziwa matupu ya nyati kutoka sehemu zilizotajwa za Italia. Sababu ni rahisi kuielewa: maziwa ya nyati yana bei kubwa, na daima wako watu wanaoshawishika kuyachanganya na ya ng'ombe. Chama chetu kikitengeneza mozzarella, kiandike juu ya pakiti: "ya maziwa ya ng'ombe". Hakuna aibu katika ukweli.

5. Hesabu ya chama

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Tuchukue mfano wa hesabu, bei zikiwa za mfano tu. Chama kimepokea lita 100 za maziwa safi ya ng'ombe kwa shilingi 1,000 kila lita. Kimelipa shilingi 100,000 na kupata kilo 13 za mozzarella. Kila kilo imegharimu maziwa ya shilingi 7,692.

Siku ya pili zimepokelewa lita 120, lakini lita 20 kati ya hizo ni maji ya kisima. Chama kimelipa shilingi 120,000. Jibini ni zile zile kilo 13, maana maji hayagandi. Kila kilo sasa imegharimu shilingi 9,231, kabla ya kuni, chumvi, reneti na mshahara. Hasara ya shilingi 20,000 kwa siku moja haimwangukii aliyetia maji. Inawaangukia wanachama wote, na zaidi ya wote yule aliyeleta maziwa safi, kwa kuwa bei ya lita yake itashushwa ili kuziba pengo.

Yule auzaye maziwa mabichi kwa lita huweza kudanganya na kudanganywa kwa muda mrefu bila kujua. Jibini haidanganyiki. Ndiyo maana chama kinacholipa kwa wingi wa lita peke yake hakijawa tayari kutengeneza jibini, hata kikipewa mitambo ya bure.

6. Wenzetu wa Anand

Jambo hili waliligundua mapema wanaushirika wa wilaya ya Kaira, katika Gujarat, nchini India, ambao wengi wao walikuwa wafugaji wadogo wenye nyati mmoja au wawili. Mwaka 1946, wakiwa wamechoshwa na bei ya mnunuzi mmoja binafsi, waligoma kumpa maziwa, wakaunda chama kikuu chao chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel. Chama hicho, chenye makao yake katika mji wa Anand, ndicho kilicholeta jina la Amul. Mwaka 1955 kilifungua kiwanda kilichotengeneza unga wa maziwa ya nyati, jambo ambalo wataalamu kadhaa wa kigeni walikuwa wamesema haliwezekani.

Msingi wa nguvu zao ulikuwa kijijini. Maziwa hupokelewa asubuhi na jioni, hupimwa mbele ya mwenyewe, na malipo hufuata mafuta na vitu vigumu vilivyomo. Kwa utaratibu huo mwenye nyati na mwenye ng'ombe huweza kukaa katika chama kimoja bila mmoja kumnyonya mwingine. Nasi tunaweza kuwaweka pamoja mwenye ng'ombe wa kienyeji na mwenye ng'ombe wa kisasa kwa njia hiyo hiyo.

7. Wajibu wa Katibu mahali pa mapokezi

Vipimo vya lazima ni vichache. Kwanza ni macho na pua. Pili ni kipimo cha spiriti, ambacho huonyesha kama maziwa yameanza kuchachuka: yakiganda, yasipokelewe. Tatu ni laktomita. Maziwa safi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32. Maziwa yaliyosoma 30, yakitiwa maji kama katika mfano wetu, hushuka hadi 25. Joto la maziwa lizingatiwe, maana laktomita husoma sawasawa kwa joto lile tu lililoandikwa juu yake.

Lakini laktomita ina udhaifu. Mtu akiengua malai kisha akaongeza maji, huweza kuirudisha mahali pake. Kwa hiyo kipimo cha nne, cha mafuta, hakina budi kufanywa walau kwa zamu kwa maziwa ya kila mwanachama. Aidha, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa za kuua vijidudu yasiletwe mpaka siku zilizoagizwa na daktari wa mifugo ziishe, kwa sababu dawa hiyo huua pia bakteria wa kuchachusha, na jibini ya siku nzima huharibika.

Tunafahamu uzito wa kazi hii. Katibu anayekataa ndoo ya jirani yake, au ya Mwenyekiti wake, atakutana naye tena njiani jioni. Ndiyo sababu kanuni ya kupima ipitishwe na mkutano mkuu, iandikwe, ibandikwe ukutani, na ianze kwa maziwa ya viongozi. Katibu asiachwe kusimama peke yake.

8. Je, tuanze?

Mfano wa karibu upo Njombe, ambako wafugaji wadogo, wakisaidiwa na shirika la Kiitalia la CEFA, walijenga kiwanda cha maziwa kilichotengeneza pia jibini za Kiitalia, na maziwa yake yalikuwa ya ng'ombe. Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa: mozzarella inaweza kutengenezwa katika nyanda zetu za juu bila nyati hata mmoja.

Lakini mozzarella ni jibini mbichi. Hukaa siku chache tu na hudai ubaridi kutoka chamani hadi kwa mlaji. Chama kilicho karibu na barabara kuu na chenye umeme wa kutegemewa kinaweza kuifikiria, kikiwa kimekwisha kupata wanunuzi Tunduma, Vwawa au Mbeya. Chama kilicho mbali kifikirie jibini ngumu zaidi, kama gauda, ambayo hutoa kilo kama 10 tu kwa kilo 100 za maziwa lakini hukaa kwa miezi. Kabla ya kuuza, chama kiwasiliane na Bodi ya Maziwa na Shirika la Viwango.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kilo 100 za maziwa ya nyati hutoa jibini nyingi kuliko za ng'ombe?
2. Katika chama chenu, maziwa hulipwa kwa kipimo gani? Ni nani anayefaidika, na ni nani anayeumia?
3. Lita 200 za maziwa safi zimetiwa lita 50 za maji. Kwa bei ya mfano wetu, hasara ya chama ni kiasi gani?
4. Laktomita ya chama iko wapi leo, na ilitumika lini mara ya mwisho?

Kila kikundi kijadili maswali haya na kuandika majibu yake katika daftari la chama. Swali la nne lijibiwe kwa kuileta laktomita yenyewe mkutanoni.