Salvia ya Kivulini: Maswali na Majibu

Kila majira ya kuchipua, wasomaji wetu walioko Ulaya hununua salvia dukani, wakaipanda nyuma ya nyumba kusikofika jua, kisha wakaiona ikirefuka, ikilala na kufa kabla ya kutoa ua. Mkono wa mpandaji hauna kosa. Nyingi ya salvia zinazouzwa ni za nchi kavu zenye jua kali, na kuzipanda kivulini ni kuzitesa. Lakini ukoo huu una aina zinazokaribia 1,000, na wamo humo wazaliwa wa msituni. Majibu yafuatayo yanahusu mmoja wao, *Salvia glutinosa*, salvia yenye kunata, ambayo kwao ni misitu ya milimani, kuanzia Alps na Carpathia hadi Kaukazi na kaskazini mwa Iran. Ni mmea wa kudumu: sehemu ya juu hufa wakati wa baridi, kisha kisiki kilekile huchipua mwaka unaofuata.

Seji ninayotia jikoni inataka jua kutwa. Kwa nini hii iwe tofauti?

Kwa sababu ya kwao. Seji ya jikoni, *Salvia officinalis*, imetoka kwenye vilima vya mawe karibu na bahari ya Mediterania. Majani yake ni madogo, mazito, na yana manyoya ya kijivu yanayozuia maji kupotea. Rozmari nayo, ambayo wataalamu wa mimea waliiingiza katika ukoo wa salvia mwaka 2017, ina majani membamba kwa sababu hiyohiyo. Sasa weka jani la salvia yenye kunata kando yao: ni pana, laini, kijani kibichi, lina umbo la ncha ya mkuki na meno pembeni, na urefu wake hufika sentimita 15. Jani la namna hiyo linakusanya mwanga hafifu unaopenya kwenye matawi. Likipigwa na jua la mchana juu ya udongo mkavu, hulegea na kuungua kingo.

Usiitafute kwa ajili ya mchuzi. Hii ni ya maua na wadudu.

Naishi Hamburg, bustani iko upande wa kaskazini wa nyumba. Nitajuaje kivuli changu kinafaa?

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, na sisi tuliokulia karibu na ikweta hutupiga chenga. Dar es Salaam au Nairobi, jua la mchana hupita kaskazini mwa nyumba mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo kila ukuta una zamu yake. Hamburg hakuna zamu. Saa sita mchana jua liko kusini mwaka mzima, na mwezi Desemba hupanda nyuzi 13 tu juu ya upeo. Ukuta wa kaskazini haulioni kabisa tangu mwishoni mwa Septemba hadi Machi. Kiangazi hupata miale ya alfajiri na ya jioni, basi.

Habari njema ni kwamba mmea huu umelala wakati huo wa giza. Kinachohesabika ni mwanga wa Mei hadi Septemba. Siku moja ya Juni isiyo na mawingu, toka uangalie kitanda chako saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Ukipata saa mbili au tatu za jua la asubuhi, au mwanga unaochezacheza chini ya majani siku nzima, panda bila wasiwasi. Kama ni uchochoro kati ya kuta mbili ambako hata anga huioni vizuri, majani yatakuja lakini maua yatakuwa machache. Hapo ningekushauri upande kangaga.

Chini ya mti wangu mkubwa kila ninachopanda hukauka, ingawa mvua haikosi.

Basi adui yako ni kiu. Majani ya mti huzuia sehemu ya mvua isifike chini, na inayofika hunyonywa na mizizi iliyo juu juu. Watu wengi wanalaumu kivuli, kumbe udongo ni mkavu kama wa jangwani.

Salvia hii huvumilia ukavu huo, lakini baada ya kushika mizizi. Usipande kwenye shina. Sogea mita moja na nusu au mbili. Tafuta nafasi kati ya mizizi minene, chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu, changanya udongo na mboji ya majani yaliyooza, na usikate mizizi mikubwa ya mti. Chagua miche midogo. Inazoea haraka kuliko mikubwa. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, kwa kuwa kila mmoja hutanuka na kufika urefu wa karibu mita moja. Tandaza majani makavu juu, ukiacha kitovu cha mmea wazi kisioze. Kisha mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki kiangazi chote cha kwanza, hata kama mvua inanyesha. Wengi hushindwa hapa: wanaona mawingu, wanaweka kopo la maji chini.

Mbona mmea huu unanata? Nimekuta wadudu wamekufa juu yake. Unawala?

Hapana, hauwali. Ukishika kikonyo cha ua mwezi Julai vidole vitagandana, kwa kuwa vikonyo na vikombe vya maua vimejaa vinyweleo vyenye utomvu. Vidudu vidogo vinavyopanda kwa miguu hunaswa hapo.

Ua lenyewe ni la manjano hafifu lenye madoa ya kahawia, na limewekewa wageni wakubwa, wale nyuki wanene wenye manyoya ambao huku kwetu Afrika Mashariki hatunao. Chukua kijiti chembamba ukisukume taratibu kwenye koo la ua. Kutoka mdomo wa juu zitashuka stameni mbili zikipake kijiti chavua. Nyuki anapoingia kutafuta mbochi, ndivyo anavyopakwa mgongoni, naye huipeleka kwenye ua jingine. Waonyeshe watoto. Sijui somo la mimea linalowashika haraka kuliko hili.

Novemba shina zote zimekauka. Nimeupoteza?

La. Subiri. Kisiki chake huhimili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kata mabua makavu mwishoni mwa baridi, uone vichipukizi karibu na ardhi. Aprili ndipo hatari halisi huja: konokono, wenye gamba na wasio nalo, hula vichipukizi usiku mmoja. Toka na tochi baada ya mvua uwaokote. Ukitaka kugawa kisiki, gawa wakati huohuo.

Utaenea hadi kwa jirani?

Unaweza. Kikombe cha ua huendelea kunata baada ya ua kuanguka, na kikigusa manyoya au suruali hung'oka na mbegu zake. Kata vichwa vya maua kabla mbegu hazijakomaa. Kwa walioko mashariki mwa Marekani jibu langu ni kali zaidi: msiupande. Katika bonde la mto Hudson, jimbo la New York, umeshatoroka bustanini na kuingia msituni. Huko mashariki mwa Marekani kuna *Salvia lyrata*, mwenyeji wa nchi hiyo, mfupi, mwenye maua ya zambarau-bluu, na nusu kivuli hakimsumbui.

Niko Lushoto, bustani yangu ina kivuli na ukungu. Niletewe mbegu na ndugu yangu aliyeko Ujerumani?

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, ambayo kwa Tanzania ni TPHPA na kwa Kenya ni KEPHIS, na umeona yaliyotokea New York. Mmea huu pia umezoea kulala miezi mirefu ya baridi ambayo milima yenu ya Usambara haina. Tafuta *Salvia nilotica*, inayoota yenyewe kwenye nyanda zetu za juu, penye majani na kandokando ya misitu. Maua yake ni madogo kuliko ya yule Mzungu. Chukua mbegu chache zilizokomaa kwenye mimea ya kando ya shamba lako, si ndani ya hifadhi, uzioteshe kitaluni kwenye udongo mwepesi.