Madini Katika Punje ya Mpunga: Urithi wa Mbegu na Kazi ya Mkulima



Ukipeleka mpunga wako sokoni, mnunuzi hutazama uzito, weupe na harufu. Lakini mtoto anayekula wali kila siku anahitaji kitu kingine ambacho mnunuzi hakioni, nacho ni madini ya chuma na zinki. Chuma hutumika mwilini kutengeneza damu. Zinki humsaidia mtoto kukua na kushindana na maradhi. Katika nyumba ambayo wali ni mwingi na kitoweo ni haba, tumbo la mtoto hushiba lakini mwili wake hubaki na njaa. Basi yafaa ujue madini hayo yatoka wapi, na ni jambo gani katika kazi yako huyaongeza au huyapoteza.

1. Jicho halipimi madini

Miaka yangu ya kwanza kazini, bibi mmoja aliniletea vikapu viwili vya mpunga. Akaniuliza, "Bwana Shamba, upi kati ya hii utawafaa zaidi wajukuu wangu?" Nikachagua wenye punje nene na nyeupe, naye akaupanda kwa kuniamini. Nilikosa kumjibu vile. Unene wa punje hauonyeshi zinki, wala weupe hauonyeshi. Hata wekundu wa ganda la ndani hautoshi kuwa ushahidi. Madini hujulikana kwa kupimwa katika maabara tu.

2. Mbegu hurithi nini?

Kila mmea hupokea kwa wazazi wake maagizo ya namna ya kukua. Maagizo hayo huitwa vinasaba, nayo yamepangwa katika nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu. Mpunga una jozi 12 za kromosomu.

Vinasaba vingine huamuru milango ya mizizi inayopokea madini kutoka udongoni. Vingine hutengeneza vitu vinavyobeba chuma na zinki kutoka mizizini hadi majanini, na kutoka majanini hadi kwenye punje. Mmea wenye milango mizuri lakini wabebaji wachache utaacha madini katika majani na mabua, na punje itapata kidogo.

Aina za mpunga hutofautiana sana katika jambo hili. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino walipima mamia ya aina. Katika mchele ambao haujang'arishwa, waliona zinki kuanzia karibu miligramu 14 hadi karibu miligramu 58 kwa kila kilo. Tofauti hiyo ndiyo mali ya mtaalamu wa mbegu, kwa maana huwezi kuchagua kilicho bora ikiwa vyote ni sawa.

3. Harufu na zinki: mifano miwili ya urithi

Mipunga mingi inayonukia hupata harufu kwa sababu ya kinasaba kimoja katika kromosomu ya 8. Ukichavusha mpunga unaonukia kwa mpunga usionukia, kizazi cha kwanza hakinukii. Kizazi hicho kikijichavusha chenyewe, katika kizazi cha pili mmea mmoja kwa kila minne, kwa wastani, utarudisha harufu. Urithi wa namna hii ni rahisi kuufuata.

Zinki haiendi hivyo. Inatawaliwa na vinasaba vingi, vilivyotawanyika katika kromosomu mbalimbali, na kila kimoja kina nguvu kidogo. Ni kama kazi ya msaragambo: nyumba haijengwi na mtu mmoja, bali kila mmoja huleta tofali lake. Kwa hiyo mtaalamu hana budi kuchavusha, kupanda, kupima na kuchagua kizazi baada ya kizazi, mpaka vinasaba vizuri vikutane katika mmea mmoja.

Tena yuko mpinzani. Madini yale yale yakigawanywa kwa punje nyingi zaidi, kila punje hupata kidogo. Mtaalamu lazima aongeze zinki bila kupunguza mavuno, kwa kuwa mkulima hatapanda mbegu inayompa magunia machache.

4. Mfano wa Bangladesh

Watu wa Bangladesh hula wali kila siku, kwa hiyo upungufu wa zinki ulikuwa shida kubwa kwao. Mchele mweupe wa kawaida ulikuwa na zinki kama miligramu 16 kwa kilo, na wataalamu waliweka lengo la kufika 28. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti wa mpunga ya nchi hiyo ilitoa aina iitwayo BRRI dhan62, yenye zinki karibu miligramu 20 kwa kilo, inayokomaa kwa siku 100 hivi. Mwaka 2017 ikatoka BRRI dhan84, iliyokaribia lengo lile. Mbegu hizi zilipatikana kwa uchavushaji wa kawaida na uchaguzi wa subira.

Chuma kimekuwa kigumu zaidi. Sehemu yake kubwa hukaa katika tabaka za nje za punje, na tabaka hizo ndizo mashine huziondoa. Zinki huingia ndani zaidi, na kwa hiyo nyingi hubaki katika mchele mweupe.

5. Shamba lisipokuwa na kitu, mbegu haitoi kitu

Urithi ni uwezo tu. Mbegu njema ikipandwa katika udongo uliopungukiwa na zinki, itachukua nini? Maji yakituama jarubani muda mrefu, hasa penye udongo wa magadi, zinki hufungwa na mizizi haiipati. Angalia mpunga wako wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza. Ukiona madoa ya kahawia majanini na mimea imedumaa, mwite Bwana Shamba, na udongo upimwe.

Salfeti ya zinki ikitiwa udongoni huponya mmea na kuokoa mavuno, lakini mara nyingi haiongezi sana zinki ya punje. Kuinyunyizia majani baada ya mpunga kutoa maua hufikisha zaidi kwenye punje. Katika majaribio mengi kipimo kimekuwa gramu 5 kwa lita moja ya maji. Usizidishe, maana majani huungua.

6. Tunza mbegu isichanganyike

Ua la mpunga hujichavusha lenyewe. Uchavushaji wa nje kwa kawaida haufiki ua moja katika mia. Kwa hiyo mbegu safi unaweza kuitunza mwenyewe kwa misimu kadhaa. Mara nyingi kinachoiharibu ni mchanganyiko unaoletwa na mikono yetu. Fanya hivi:

(a) Nunua mbegu yenye lebo ya uthibitisho, iliyopitishwa kwa eneo lako.
(b) Tenga sehemu ya katikati ya shamba kwa ajili ya mbegu.
(c) Ng'oa mimea ya kigeni wakati wa kuchipua, wakati wa maua, na kabla ya kuvuna.
(d) Piga mpunga wa mbegu peke yake, juu ya turubai lililofagiliwa.
(e) Kausha vizuri, tia katika gunia safi, na uandike jina na mwaka.

7. Kinuni na jikoni

Usidai mchele ung'arishwe mpaka uwe kama lulu. Mwambie mwenye mashine akoboe kwa kiasi. Lakini mchele wenye pumba yake una mafuta na huharibika upesi, kwa hiyo koboa wa siku chache tu. Pumba hiyo pia ina kitu kinachoyashika madini yasiingie vizuri mwilini. Basi wali usiliwe peke yake. Dagaa na samaki huongeza madini, maharage kadhalika, na limao au chungwa humsaidia mlaji kupokea chuma.

Mambo ya kukumbuka

Madini ya wali hutegemea urithi wa mbegu, hali ya shamba na namna ya kukoboa. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki haviwezi kukifidia chote. Yule bibi nilirudi kwake baadaye nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu. Nawe ukienda kuchukua mbegu, uliza mavuno, uliza harufu, kisha uliza pia: punje hii inampa mtoto nini?